Pweto na ng'ambo yake: mto unatenga ao unaunga?

Kila mtoto wa Pweto anajua neno «ng'ambo». Mtu akisema: «Mama ameenda ng'ambo, atarudia mangaribi», hakuna anayeshangaa. Ng'ambo inaweza kuwa ukingo wa pili wa Luvua, ao Chienge kule Zambia. Neno ni moja, juu ya wazee wetu hawakuwa na mawili. Lakini shuleni tunafundisha wanafunzi kuchora mpaka kwa kalamu nyekundu, na siku ile ng'ambo inageuka kuwa ugenini. Tunaona ni vizuri kuuliza mambo haya yametoka wapi.

Tuanze na maji yenyewe. Luapula inaingia katika ziwa Mweru upande wa kusini. Upande wa kaskazini, fasi ya Pweto, maji yanatoka tena kwa jina la Luvua na kuteremka mpaka Lualaba, karibu na Ankoro. Basi mtu anayefuata ufuko wa kaskazini wa ziwa hana njia ingine: lazima avuke mto hapa. Mji wetu umezaliwa na kivuko.

Jina la mji ni jina la chifu wa Wabwile, Mpweto. Wabwile hao hao wako Zambia chini ya chifu mkuu Puta, katika wilaya ya Chienge. Kabila moja, lugha moja, ndoa zinavuka maji kila mwaka. Mtu akifiwa upande huu, matanga hayawezi kuanza mbele ya wale wa upande ule kufika.

Wageni walipofika, kila mmoja aliuita mto namna yake. Livingstone aliona ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, akisafiri pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani. Yeye aliita mto unaotoka ziwani Lualaba. Kisha, tarehe 12 Mei 1894, Uingereza na Mfalme Leopold II walipatana kule Brussels juu ya mpaka. Mstari ulitoka rasi ya Akalunga kwenye Tanganyika, ukaja moja kwa moja mpaka ukingo wa kuume wa mto, pale unapotoka katika Mweru. Katika mapatano yale mto uliitwa Luapula! Maana yake, ukingo wetu ulifanywa nguzo ya mpaka kwa jina ambalo si lake, na watu waliotia sahihi hawakuuliza Mpweto wala Puta. Kusini zaidi, mstari ulipindishwa ziwani ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza, lakini mji wa Kilwa, kwenye ufuko, ni wa teritware yetu.

Je, mstari ulikata maisha? Hapana. Mitumbwi iliendelea kuvuka na samaki, unga, chumvi na nguo. Samaki wa ziwa na wa Luapula walifika mpaka Lubumbashi, na mji ule mkubwa, zamani Elisabethville, ulikula kwa mikono ya wavuvi wetu.

Lakini Desemba 2000 ndiyo ilitufundisha kivuko ni nini. Wapiganaji wa RCD na jeshi la Rwanda walipouteka mji, majeshi ya serikali yalikimbilia mto. Baki ya kuvusha magari ikazama, na magari ya vita yaliyopanga mstari ukingoni yakachomwa moto. Mtu mwenye tanki alikwama; mama mwenye mtoto mgongoni alipata mtumbwi ao njia ya miguu. Maelfu walipokelewa Zambia, wengi katika kambi za Mwange na Kala, na wengine kwa ndugu zao, bila karatasi. Kati ya 2007 na 2010 wengi walirudi, na watoto wengine waliozaliwa kule walikuwa wanasema Kibemba kuliko Kiswahili.

Kwa hiyo hatusemi mpaka haufai. Serikali zinauhitaji, na kila moja ina haki ya kulinda upande wake. Hata mwaka 2020 nchi zetu mbili zilibishana juu ya vijiji vya teritware ya Moba, kwenye mstari ule ule wa 1894. Tunachosema ni hiki: mpaka ni wa serikali, kivuko ni cha watu, na kivuko ndicho mzee.

Walimu wenzetu, mwanafunzi akimaliza kuchora mstari mwekundu, tumuulize: «Shangazi yako anakaa upande gani?» Kisha aende kwa bibi yake na daftari, aandike nani alivuka, mwaka gani, na nani alimfungulia mlango. Wazee wanaondoka. Mapatano ya Brussels yameandikwa na kuhifadhiwa. Historia ya mlango ule haijaandikwa bado.