Semi za Kuazima katika Butembo na Beni

Wanaoandika tarikhi ya Kivu ya Kaskazini aghalabu huanzia kwenye dhahabu, kahawa, maaskofu na vita, na ni haki yao. Lakini iko tarikhi nyingine, ndogo kwa umbo na kubwa kwa maana, ambayo haijawekwa katika daftari lolote kwa kuwa imekaa vinywani mwa watu, nayo ni ya yale maneno ambayo mkazi wa Butembo au Beni huyachukua kutoka kwenye sinema na televisheni, akayatia katika mazungumzo yake ya sokoni, ya nyumbani na ya njiani, mpaka msikilizaji mgeni akadhani kuwa ni methali za mababu. Kwa maoni yangu tarikhi hiyo ina kanuni mbili: usemi husafiri kwa barabara ile ile inayosafirisha bidhaa, na haudumu ila ule unaomfanyia mtu kazi ambayo maneno yake mwenyewe yasingeweza kuifanya bila ya kuvunja adabu.

Kiswahili chenyewe kilifika huku kwa njia ya namna hiyo. Kilichukuliwa na misafara ya Waungwana kutoka Unyanyembe na Manyema, kikarithiwa na askari na makarani wa Dola Huru ya Kongo, kikatumiwa katika migodi ya Wabelgiji, kisha kikatua kwa Wanande, wenyeji wa Butembo na Beni, ambao majumbani mwao wanasema Kinande, darasani Kifaransa, na mbele ya mgeni au mnunuzi wanasema Kiswahili. Mtu mwenye lugha tatu kinywani ana uzoefu wa kuchagua neno kwa hesabu, na anapoazima usemi wa nne kutoka kwenye kioo huwa hafanyi jambo geni, anaendeleza desturi.

Zama za Wabelgiji sinema ilikuwa na mlango mwembamba. Tangu mwaka 1945 sheria ilikataza Wakongo waonyeshwe filamu yoyote isiyopitishwa kwa ajili yao, na mapadre wakajitwika kazi ya kutengeneza filamu zinazofaa, wakizipeleka misioni kwa misioni. Mashuhuri kupita zote zilikuwa zile za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, zilizotengenezwa na Padre Albert Van Haelst huko Kasai katika miaka ya 50. Lakini vijana wa Léopoldville hawakutosheka na kilichohalalishwa. Walizitazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakamchukua Buffalo Bill wakamfanya babu yao, wakajiita Mabill, wakavaa vitambaa shingoni, wakaipa mitaa yao majina ya nchi zile za mbali, na katika kuyachanganya maneno ya filamu hizo, na za Kihindi, pamoja na Kilingala na Kifaransa, wakazua msimu ulioitwa Indubil. Wazee waliuona kuwa ni lugha ya wahuni. Hata hivyo msimu huo ulipanda mashariki, na ulipofika Bukavu ukavua Kilingala chake ukavaa Kiswahili, ikawa uti wa mgongo wa sentensi ni wetu na nyama yake ya kuazima. Mtaalamu wa lugha Didier Goyvaerts aliuandikia makala mwaka 1988 akiueleza kuwa ni chotara wa Kiswahili. Huo ndio ushahidi ulio karibu zaidi na kwetu kwamba picha iliyochezwa Marekani inaweza kumwachia kijana wa Kivu namna ya kusema, ingawa hajapata kumwona farasi.

Televisheni ilianzishwa Kinshasa mwaka 1966, na kwa miaka mingi haikuwa na mchezo mmoja uliotazamwa zaidi ya Mobutu mwenyewe. Taarifa ya habari ya usiku ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni, na yaliyofuata yalikuwa nyimbo za chama, hotuba, na ile sauti ya umati ikiitikia "oyee". Maneno ya namna hiyo yaliingia katika maisha kwa amri, na lililoingia kwa amri halihesabiwi kuwa limeazimwa. Mtu hulisema akiwa mkutanoni na kulivua afikapo mlangoni kwake. Kilichoazimwa kwa hiari kilikuja siku moja tu. Tarehe 24 Aprili 1990, katika ukumbi wa N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, akaruhusu tai zilizokuwa zimepigwa marufuku tangu 1972, na alipofikia kusema kwamba anaachana na uongozi wa chama chake, sauti ilimkwama, akainua miwani akafuta machozi, na akasema kwa Kifaransa: "Comprenez mon émotion," yaani, fahamuni namna moyo wangu ulivyo. Nchi nzima ilimwona au ilisimuliwa na aliyemwona, na maneno hayo matatu yakatoka katika kioo yasirudi tena.

Nitaeleza yanavyotumika Butembo, kwa kuwa hapo ndipo pana ladha. Mama mmoja muuza vitenge anamkabili mteja aliyechukua doti mbili kwa mkopo tangu kabla ya Pasaka. Mteja ni mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto, wala haifai kumfokea mbele ya watu. Mama anasema kwa upole wote, "Papa, unilipe leo, batoto balilala njala." Mwalimu anatazama chini, anavua miwani yake taratibu, anaifuta kwa ncha ya shati, na kusema, "Mama, comprenez mon émotion." Majirani wanacheka, mama naye anacheka, na katika kicheko hicho mmepita mambo matatu kwa pamoja: mdeni amekiri deni, ameomba muhula, na amejifananisha na mkubwa aliyeanguka, hivyo amejishusha kabla hajashushwa na mtu. Lau angesema kwa maneno yake kwamba hana fedha, ingekuwa aibu. Lau angenyamaza, ingekuwa kiburi. Mama alimpa hadi Jumamosi. Nauona ufundi mkubwa katika jambo hilo, sawa na ufundi wa mwanamke wa Unguja avaaye kanga yenye jina la kumjibu jirani yake: anayesema ni mwingine, mimi nimeazima tu.

Usidhani lakini kwamba mkondo huo huenda upande mmoja. Huko Lubumbashi, kundi la Mufwankolo, lililocheza michezo yake kwa Kiswahili cha Katanga, kwanza redioni na baadaye katika televisheni, lilijulikana kwa kuyachukua maneno ya mtaani na kuyapandisha jukwaani, kisha mtaa ukayapokea upya yakiwa yamepambwa. Mwaka 1986 mtaalamu wa mila Johannes Fabian alilisikia mezani neno lisemwalo na wenyeji, kwamba utawala huliwa mzima, haukatwi vipande. Akawauliza wachezaji maana yake, nao badala ya kumjibu kwa maelezo wakalitungia mchezo mzima juu ya mfalme, wazee wake na raia wake, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Ilikuwa bado zama za Mobutu, na kila mtazamaji aliweza kupima mwenyewe ni mfalme gani aliyekusudiwa. Usemi uliotoka kwa watu ulirudi kwa watu ukiwa na sura, mavazi na sauti, na mtu aliyeutamka baada ya hapo aliweza kusema kwamba anataja mchezo.

Butembo haikuwa na umeme wa kutegemewa kwa miaka mingi, na televisheni ilipoenea ilienea kwa mkono wa wafanyabiashara wenyewe. Watu hawa, ambao tangu miaka ya 90 wameijua njia ya Dubai, Hong Kong na Guangzhou kuliko njia ya Kinshasa, walileta makontena ya nguo, pikipiki na jenereta, na pamoja navyo televisheni na deki za video. Na penye jenereta moja na televisheni moja, mwenye mali alipanga mabenchi, akaning'iniza shuka jeusi mlangoni, akatoza kiingilio kidogo. Katika chumba kama hicho usemi haukuwa wa mtu mmoja. Ulisikiwa na watu arobaini kwa wakati mmoja, ukarudiwa nao wakitoka, na kesho yake asubuhi ulikuwa umekwisha kufika kwa wasukuma baiskeli.

Kisha ikaja vita ya 1998. Hadi mwaka 2003 Beni na Butembo zilikuwa chini ya kundi la waasi la RCD-ML, lililoungwa mkono na Uganda, ambalo kiongozi wake wa kwanza, Ernest Wamba dia Wamba, alikuwa mwalimu wa tarikhi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinshasa ikawa ng'ambo ya mstari wa vita. Mali zote zikapita Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, na vyumba vya video vikabadili kibla. Kutoka Kampala zikaja kanda zilizotafsiriwa papo hapo na wale wasimulizi ambao Waganda huwaita mavijei, na kutoka Dar es Salaam zikaja filamu za Kiswahili, pamoja na kazi za wafasiri kama Lufufu, aliyewapa waigizaji wa Hong Kong na Marekani lafudhi na matani ya Kitanzania. Baadaye zikafuata filamu za Steven Kanumba na vichekesho vya Mzee Majuto, na kwa mara ya kwanza Kiswahili cha Bara na cha pwani kikasikika Butembo kutoka katika vinywa vya watu wanaopendana, wanaodaiana na kuchekeshana, wala si katika mahubiri wala katika taarifa ya habari. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, msiba wake haukuishia Tanzania. Binti wa Beni aliyemwambia mwenzake "acha uongo wewe" kwa mvuto wa Kinondoni hakuwa akimbeza mtu. Alikuwa ameonja lugha yake mwenyewe ikiwa imevaa nguo za sikukuu.

Kilingala kina hukumu yake ya peke yake. Mashariki mwa nchi, hiyo ndiyo lugha ya jeshi, na wazee wengi wa Kinande hawapendi kuisikia nyumbani kwa kuwa wameizoea ikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Hata hivyo michezo ya kuigiza ya Kinshasa, inayotazamwa kwa mapenzi mpaka na wanaoikosoa, imewafundisha watu vichekesho viwili vitatu vya Kilingala, na dereva wa pikipiki anayesimamishwa kwenye kizuizi huvihifadhi kwa saa hiyo. Anatamka neno la mchekeshaji ambaye askari naye anamjua. Askari akicheka, wamekuwa watazamaji wawili wa mchezo mmoja, na fedha inayodaiwa hupungua. Sijapata kuona faida ya fasihi iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Tangu Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya raia katika vijiji vya kandokando ya Beni, na zaidi tangu Mei 2021, mkoa ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, jioni imefupishwa. Milango hufungwa mapema, vyumba vya video vimepungua, na kila mtu hutazama chake katika simu, huyu tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kifaransa, yule mchekeshaji wa Nairobi wa dakika moja. Semi zinazoazimwa leo zimezidi wingi, ila wanaozifahamu pamoja wamekuwa wachache: kijana husema neno lake mezani, dada yake hucheka, na baba, aliyetoka kufunga duka saa kumi na moja, humwuliza ni nani aliyelisema kwanza, na alikuwa akimwambia nani.