Redio ya pakiti: mtandao uliojua kusubiri, na somo nililolipata kati ya Lodwar na Kakuma

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo sina simu mpya ya kuwachambulia, nimewaletea historia. Msikimbie lakini, kwa sababu ni historia unayoweza kuiandika kwenye terminali ya Linux na ikakujibu. Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifikisha huku.

Kosa langu la Kakuma

Mwaka jana niliandika programu ya simu kwa mradi mmoja wa lishe huko Kakuma. Wahudumu wa afya wa jamii wanapima watoto, wanaandika uzito na mzingo wa mkono, wanabonyeza "Tuma", taarifa zinaingia kwenye seva. Mezani kwangu Lodwar ilifanya kazi bila shida. Kisha mvua ikanyesha, laga zikajaa, na mtandao ukapotea Kakuma kwa siku mbili. Programu iliendelea kuonyesha neno "Imetumwa" kwa rangi ya kijani, kwa sababu nilikuwa nimeiagiza iseme hivyo mara tu kitufe kinapobonyezwa. Mtandao uliporudi, seva haikuwa na kitu.

Mhudumu mmoja, mama wa makamo, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, simu ilituambia imetuma. Sisi tukaiamini." Ikabidi watoto waitwe tena. Kuna kina mama waliobeba watoto mara ya pili kwenye jua lile kwa ajili ya mstari mmoja wa msimbo wangu.

Niliporudi Lodwar nilimsimulia mzee mmoja rafiki yangu, fundi wa redio mstaafu mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Ridhaa ni kama ile ya mpira wa ridhaa: unafanya kwa mapenzi, hulipwi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kijana wangu, nyinyi mnafikiri mtandao ni maji ya bomba. Na hata bomba la Lodwar unalijua lilivyo." Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na redio ya VHF, waya, na kisanduku cheusi chenye taa nne. "Hii," akasema, "haikuwahi kuamini kwamba upande wa pili upo."

Ilianzia visiwani

Mwezi Juni 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao ulioitwa ALOHAnet. Walitaka watu walioko visiwa vingine watumie kompyuta iliyokuwa Honolulu, na nyaya za simu zilikuwa ghali na mbovu. Wakatumia redio. Ujumbe ulikatwa vipande vidogo, yaani pakiti, kila kipande na anwani yake.

Shida ilikuwa hii: vituo vyote vinatumia masafa mamoja. Wawili wakisema kwa pamoja, maneno yanagongana na yote yanaharibika. Suluhisho la Abramson lilikuwa jepesi. Tuma. Usipopata jibu kwamba imefika, ngoja kwa muda wa kubahatisha, halafu rudia. Kwa hesabu zake, njia hiyo haiwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa chaneli. Ni kidogo, lakini ujumbe unafika. Bob Metcalfe alianzia kwenye wazo hilohilo alipobuni Ethernet mwaka 1973. Mwaka 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi wakachapisha uchambuzi wa adabu moja zaidi: kabla ya kusema, sikiliza kwanza kama kuna mwingine anayesema.

Wapenzi wa redio wanaichukua

Mwaka 1978 Kanada iliruhusu wapenzi wa redio kutuma pakiti, na majaribio ya kwanza yakafanyika Montreal mwezi Mei mwaka huo. Mwaka 1980 Doug Lockhart wa Vancouver akatengeneza kifaa kinachokaa kati ya kompyuta na redio, kikigeuza herufi kuwa sauti na sauti kuwa herufi. Kisanduku cheusi cha mzee ni kitukuu cha kifaa hicho. Mwaka 1982 kikundi cha TAPR kiliundwa Tucson, Arizona, na visanduku vyake vikaenea duniani. Oktoba 1984 ikatoka protokoli rasmi, AX.25 toleo la 2.0.

Modemu iliyozoeleka kwenye VHF hutumia milio miwili, wa 1200 Hz na wa 2200 Hz, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Hiyo ni kama herufi 150 kwa sekunde. Picha ya megabaiti 3 ingechukua zaidi ya saa tano na nusu.

Sasa tazama AX.25 inavyofanya kazi. Kila pakiti ina namba, kuanzia 0 hadi 7, kisha inarudi 0. Anayepokea anajibu: "Nimepata, nangojea namba 4." Jibu lisipokuja kwa muda uliowekwa, mtumaji anauliza tena. Akiuliza mara nyingi bila jibu, anakwambia wazi kwamba kiungo kimekatika. Hakuna mahali popote ambapo mtumaji anajipa hongera kabla hajajibiwa. Niliposoma sehemu hiyo nilifunga kompyuta kwa muda.

Amri zenyewe

Mwaka 1987 Mike Chepponis na Phil Karn walieleza njia iitwayo KISS: kisanduku kinabaki na kazi ya milio tu, akili yote inahamia kwenye kompyuta. Karn, ambaye alama yake ya mwito ni KA9Q, alikuwa ameandika programu iliyopitisha TCP/IP juu ya redio kwa kompyuta ndogo za wakati huo. Miaka ya 1990 AX.25 ikaingizwa ndani ya kerneli ya Linux, kazi iliyoanzwa na Alan Cox na kuendelezwa na Jonathan Naylor.

Kwa hiyo tuliketi na mzee mbele ya kompyuta yangu ya zamani. Leseni ni yake, mimi nilishika kibodi tu. Kwanza ni faili la `/etc/ax25/axports`:

`redio N0CALL-1 1200 255 2 Lodwar VHF`

Mpangilio ni jina la poti, alama ya mwito, kasi, urefu wa pakiti, idadi ya pakiti zinazoweza kutumwa kabla ya kungoja jibu, na maelezo. N0CALL si mtu, ni nafasi tupu. Weka alama iliyo kwenye leseni. Kisha:

`kissattach /dev/ttyUSB0 redio`

`kissparms -p redio -t 300 -l 50 -s 100 -r 63`

Usipite haraka hiyo ya pili. `-t 300` inaipa redio milisekunde 300 iwake vizuri kabla ya data kuanza. `-l 50` inaiacha hewani kidogo baada ya data kuisha. `-s` na `-r` ndizo za Hawaii: chaneli ikiwa wazi, rusha bahati, una nafasi moja kati ya nne ya kusema, usipoipata, subiri milisekunde 100 na ujaribu tena. Hesabu ya Abramson na adabu ya mwaka 1975 zimekaa ndani ya mstari mmoja. Mwishowe:

`axlisten -a`

`axcall redio N0CALL-2`

Ya kwanza inakuonyesha kila pakiti inayopita hewani, ya pili inapiga simu kituo cha pili. Kama huna kisanduku, programu ya Dire Wolf ya John Langner inafanya milio kwa kadi ya sauti: iwashe kwa `direwolf -p`, halafu kwenye `kissattach` tumia `/tmp/kisstnc` badala ya `/dev/ttyUSB0`.

Tuliweka kituo kimoja kwa mzee na kingine upande wa pili wa mji. Nilichomoa antena makusudi. Skrini ikaonyesha pakiti ikirudiwa, ikirudiwa tena. Nikairudisha antena, jibu likaja, na maneno yakatiririka kutoka pale yalipoishia. Hakuna lililopotea.

Jambo dogo la kushangaza: wapenzi wa redio walikuwa na anwani zao za intaneti. Mwaka 1981 Hank Magnuski aliwaombea fungu zima linaloanza na 44, anwani zaidi ya milioni 16. Mwaka 2019 robo ya fungu hilo iliuzwa kwa Amazon, kwa zaidi ya dola milioni 100.

Ilivyofika kwetu

Usidhani haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Mapema miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya kulipia kuingia Kenya, mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalikuwa na barua pepe kupitia FidoNet, mfumo uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984. Kompyuta zilipigiana simu, mara nyingi usiku, zikabadilishana mafungu ya barua na kukata. Kituo cha ELCI, Nairobi, kilikuwa moja ya milango hiyo.

Afya ilipitia angani. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo ya UoSAT-3 ya Chuo Kikuu cha Surrey, iliyorushwa Januari 1990. Ilizunguka kilomita 800 hivi juu ya ardhi na kupita kila mahali mara chache kwa siku, dakika chache tu kila mara. Kituo cha chini kilikuwa na redio, antena, modemu ya pakiti na kompyuta ya kawaida. Setilaiti ikipita unapandisha barua zako, inazitunza tumboni, inazishusha ikifika juu ya anayezingoja. Mwaka 1993 ikafuata HealthSat-2. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi za mtandao huo, HealthNet, na madaktari walipokea humo muhtasari wa majarida ya tiba waliyokuwa hawayapati.

Mbinu yake waliiandika wapenzi wa redio wawili, Jeff Ward na Harold Price. Kituo kilichopokea faili nusu hakiombi faili zima. Kinatuma orodha ya matundu: nimekosa kuanzia hapa hadi pale. Setilaiti inajaza matundu hayo tu.

Na huku Turkana? Operesheni ya Lifeline Sudan ilianza mwaka 1989 ikawa na kambi yake Lokichoggio, na kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa mwaka 1992. Mawasiliano ya kazi hizo yalibebwa sana na redio za HF, ambazo mawimbi yake hurudishwa na anga ya juu na kuruka mamia ya kilomita. Kutoka kwa wapenzi wa redio wa Ujerumani ilikuja PACTOR, iliyochanganya mawazo ya pakiti na ya teleksi ya redio, na mashirika ya misaada barani Afrika yakapeleka barua pepe kwayo.

Lodwar hadi Kakuma kwa hesabu

Nilijiuliza, je, VHF ingetufikisha? Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 105 hivi. Upeo wa redio ni takriban 4.12 mara jumla ya vipeo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Milingoti miwili ya mita 20 inakupa kilomita 37. Unahitaji angalau vituo viwili vya kati, na kila pakiti itasemwa mara tatu hewani, hivyo kasi inabaki theluthi. Ukipata kilima cha mita 300 juu ya tambarare katikati ya njia, kituo kimoja kinatosha.

Kumbukumbu za watoto 100, herufi 60 kila moja, ni herufi 6,000. Kwa herufi 150 kwa sekunde ni sekunde 40. Hata kwa theluthi ya kasi hiyo ni dakika mbili. Kazi iliyonishinda kwenye mtandao wa 4G ingepita kwenye milio miwili ya mwaka 1984.

Lakini tafadhali, usiifanye. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kubeba kazi za biashara wala kuficha maana ya ujumbe kwa usimbaji, na yeyote mwenye redio anasikia. Majina na uzito wa watoto, wengine wakimbizi, si vitu vya kutangaza hewani. Na bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya usibonyeze kitufe kabisa.

Nilichokibadilisha

Niliacha redio kwa mzee, nikaondoka na tabia yake. Programu mpya inahifadhi kila kipimo ndani ya simu kwanza. Kila kipimo kina namba yake, ili kikirudiwa kisihesabiwe mara mbili. Simu inauliza seva ina matundu gani, inajaza hayo tu. Ikikosa jibu, inasubiri kwa muda wa kubahatisha na kurudia. Na neno "Imetumwa" nimelifuta. Kuna "Iko kwenye simu" kwa rangi ya manjano, na "Imepokelewa" kwa kijani, baada ya seva yenyewe kujibu.

Tangu mwaka 2023 Starlink inauzwa Kenya, na Lodwar tuna 4G. Ni vizuri sana. Lakini umeme hukatika, laga hujaa, na bando huisha kabla ya mwezi.

Nilipopeleka toleo jipya Kakuma, yule mama alibonyeza, akaona manjano, akanitazama.

"Bado haijafika?"

"Bado, mama. Ikifika itakuambia."

Akaweka simu mfukoni, akaita mtoto wa pili.

Na wewe msomaji, jaribu leo: weka simu kwenye hali ya ndegeni, fungua programu uliyoiandika, bonyeza kitufe chake kikubwa, usome inachokwambia. Tukutane tena.