Elizabeth Cotten: Wimbo wa Jadi na Mtunzi Wake

Katika somo la fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kuwa wimbo wa jadi ni mali ya jamii nzima. Historia ya Elizabeth Cotten, mpiga gitaa Mmarekani mweusi, yaonyesha kuwa kauli hiyo inahitaji tahadhari.

Cotten alizaliwa North Carolina mwishoni mwa karne ya 19. Alijifundisha muziki mwenyewe. Kwa vile alitumia mkono wa kushoto, aligeuza gitaa bila kubadili mpangilio wa nyuzi: vidole vikapiga sauti nzito, kidole gumba kikapiga sauti nyembamba. Akiwa bado msichana alitunga "Freight Train", wimbo kuhusu treni ya mizigo. Baadaye aliolewa, akajiunga na kanisa, na kuacha gitaa kwa miaka mingi.

Miaka ya 1940 alikuwa akifanya kazi dukani mjini Washington. Siku moja alimrudisha mtoto aliyepotea, Peggy Seeger, kwa mama yake, mtunzi wa muziki Ruth Crawford Seeger. Akaajiriwa nyumbani kwao kama mtumishi, na huko akaanza tena kupiga gitaa.

Peggy alipokua alikwenda Uingereza na kuuimba wimbo huo. Chas McDevitt na Nancy Whiskey waliurekodi, na mwaka 1957 ukavuma sana, lakini majina yaliyoandikwa kama watunzi hayakuwa na la Cotten. Ilibidi haki yake idaiwe ndipo akatambuliwa.

Wakati huohuo Mike Seeger, kaka yake Peggy, alimrekodi Cotten nyumbani kwake. Mwaka 1958 kampuni ya Folkways ilitoa santuri yake ya kwanza, Folksongs and Instrumentals with Guitar. "Freight Train" umo ndani yake. Cotten alikuwa amepita miaka 60. Aliendelea kupiga muziki hadi uzeeni, akapata tuzo ya Grammy mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufariki.

Funzo kwetu ni hili. Tunapowatuma wanafunzi vijijini kukusanya nyimbo, wasiridhike kuandika "wimbo wa jadi" tu. Waulize nani aliyeuimba, aliupata kwa nani, na kama ni yeye aliyeutunga. Aliyetunga anaweza kuwa bibi huyohuyo anayewakaribisha chai.