Daftari Mezani: Nani Anawajua Wasikilizaji Wako?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinizidi, lakini leo nina hadithi ndefu kidogo. Chukueni chai tukae.

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu saa tano usiku. Yeye ni mwimbaji, anatunga nyimbo zake mwenyewe na kupiga gitaa, na riziki yake ni shoo za Ijumaa na Jumamosi katika mikahawa ya Nairobi, pamoja na harusi moja moja. Ukurasa wake katika mtandao mmoja wa kijamii ulikuwa umetekwa na wezi, na wenye mtandao huo hawakumjibu hata mara moja. Wafuasi zaidi ya elfu kumi na moja, kazi ya miaka sita, vyote vikaenda. Akaniambia, "Wewe si ulisomea kompyuta? Nitengenezee programu yangu ya simu basi."

Kwa kweli nilitaka kuanza kuandika programu usiku huo huo (huo ndio ugonjwa wetu sisi watu wa kompyuta). Lakini nikajizuia, nikajiuliza swali dogo: watu wa kazi kama ya binamu yangu waliishi vipi kabla ya hii mitandao? Nikaanza kusoma historia, na nilichokikuta ni kwamba tatizo lake lina umri mkubwa kuliko yeye. Limebadilisha nguo tu.

Hebu kwanza tuitazame siku ya mwanamuziki huru. Nikisema huru nina maana ya yule asiye na kampuni ya kurekodi nyuma yake. Sisi watazamaji huona ile saa moja ya jukwaani. Hatuoni asubuhi ya simu na barua za kuomba nafasi ya kuimba, miezi mitatu kabla. Hatuoni safari ya mchana na gitaa mapajani, wala kufika saa kumi na moja ili kupima sauti halafu kungoja mpaka saa tatu usiku. Akimaliza kuimba hapumziki. Anakwenda kusimama nyuma ya meza ndogo karibu na mlango, anauza kaseti, CD au fulana, anasalimiana na watu, na mwishowe anamtafuta mwenye ukumbi wahesabu kiingilio.

Hiyo meza ndiyo nataka tuikumbuke. Kwa miaka mingi, kando ya CD kulikuwa na daftari na kalamu. Ukipendezwa na nyimbo, unaandika jina na anwani yako. Kesho yake mwanamuziki anaamka akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho jana: anajua ni nani alimsikiliza, na siku akirudi katika mji ule atamwambia. Pesa za usiku mmoja huisha. Majina hubaki.

Sasa twende Buffalo, mji ulio katika jimbo la New York, Marekani. Ani DiFranco alizaliwa huko mwaka 1970, na alianza kuimba kwenye baa akiwa bado mtoto. Mwaka 1990 alitoa albamu yake ya kwanza chini ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Righteous Babe. Alizunguka akiimba kwenye baa na vyuo vikuu, akiuza kaseti kwa mkono wake baada ya shoo. Wanafunzi walizinakili na kuwapa rafiki zao, na rafiki hao wakaja kwenye shoo iliyofuata. Kampuni kubwa zilimwita, akakataa. Albamu yake ya mwaka 1997, Living in Clip, ilipata cheti cha dhahabu nchini Marekani bila kampuni kubwa hata moja.

Lakini mwaka huo huo jarida la Ms. lilimsifu kwa faida anayopata kwa kila nakala, naye akawajibu kwa barua ya wazi. Alilalamika kwamba anahesabiwa kama mfanyabiashara wakati yeye anataka kukumbukwa kwa nyimbo. Nafikiri ana haki. Hakuna mtunzi anayechukua gitaa kwa sababu anapenda kutunza madaftari. Anatunza daftari ili aweze kuendelea na gitaa.

Mtu wa pili ni mmoja wetu. Derek Sivers alikuwa mwanamuziki wa Woodstock, New York, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na CD yake ambayo hakuna duka la mtandaoni lililokubali kuiuza, kwa sababu hakuwa na msambazaji. Akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, akaweka kitufe cha kununua. Siku hizo kupata ruhusa ya benki ya kupokea kadi za mkopo ilikuwa kazi ya miezi na dola nyingi. Rafiki zake wanamuziki walipoona kitufe kile kinafanya kazi, wakamwomba awauzie na za kwao. Hivyo ndivyo CD Baby ilivyozaliwa. Alitoza dola 35 kuingiza albamu, na dola 4 kwa kila CD iliyouzwa. Bei nyingine yote ilikuwa ya msanii.

Kabla ya kuanza, Sivers aliandika masharti manne ya msambazaji wa ndoto zake. Msanii alipwe kila wiki. Asifukuzwe kwa sababu CD zake haziuziki. Asiwepo anayelipa ili awekwe mbele ya wengine. Na la nne, ambalo lilinifanya nisimame na kuzunguka chumba: msanii apewe jina kamili na anwani ya kila aliyenunua. Mnaona? Lile daftari la mezani, Sivers aliligeuza kuwa hifadhidata, na hakujiwekea peke yake. (Kwa wenzangu waandishi wa programu: huyu ndiye aliyejaribu kwa miaka miwili kuiandika upya tovuti yake kwa Rails, akashindwa, akarudi kwa PHP na kumaliza kwa miezi miwili. Nimecheka kwa uchungu kwa sababu najua maumivu hayo.) Mwaka 2008 aliiuza CD Baby kwa kampuni ya Disc Makers kwa dola milioni 22.

Wa tatu ni Jonathan Coulton, naye alikuwa anaandika programu kwa mshahara huko New York. Septemba 2005 aliacha kazi, akiwa na mtoto mchanga nyumbani, akaahidi kutoa wimbo mmoja kila wiki kwa mwaka mzima. Alitimiza. Mmoja wa nyimbo hizo, Code Monkey wa mwaka 2006, ni wa mwandishi wa programu aliyechoka ofisini, na ulienea kwa watu wa kompyuta kama moto wa nyika. Aliwaruhusu watu kunakili nyimbo zake kwa leseni ya Creative Commons, huku tovuti yake ikiziuza kwa anayetaka kulipa.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi alivyopanga shoo. Kulikuwa na tovuti iitwayo Eventful ambapo mashabiki waliandika, "Njoo mji wetu." Coulton alisubiri mpaka waombaji wa mji mmoja wafike kama 100, ndipo akakata tiketi ya ndege. Yaani alikwenda akijua ukumbi una watu. Gazeti la New York Times liliandika habari zake mwaka 2007 pamoja na hesabu: asilimia 41 ya mapato yake ilitokana na nyimbo za kupakua, asilimia 29 CD, asilimia 18 tiketi za shoo, na asilimia 11 fulana. Gharama yake ilikuwa muda. Watu walimwandikia, naye aliwajibu, kila siku, masaa mengi ambayo angeweza kutunga.

Machi 2008 Kevin Kelly akaandika insha iliyosomwa sana kuhusu mashabiki 1,000 wa kweli. Hesabu yake ni ya darasa la tatu: watu 1,000 wakikununulia vitu vya dola 100 kila mmoja kwa mwaka, hizo ni dola 100,000. Lakini wengi tunaisahau nusu ya pili ya hoja yake. Lazima wakulipe wewe moja kwa moja, na wewe uweze kuwafikia.

Wakati insha ile inaandikwa, mambo yalikuwa tayari yanageuka. Wanamuziki wengi walikuwa wamehamishia maisha yao MySpace, iliyoanza mwaka 2003. Ilikuwa bure na rahisi, marafiki wote wako pale, nani tena ataandika anwani kwenye daftari? Mwaka 2019 MySpace ikakiri kwamba ilipokuwa ikihamisha seva ilipoteza nyimbo zilizopakiwa kwa miaka 12 ya kwanza. Iliripotiwa kuwa ni nyimbo kama milioni 50, za wasanii milioni 14. Fikiria mtu ambaye nakala yake pekee ilikuwa pale.

Kisha ikaja enzi ya kusikiliza bila kununua. Spotify ilizinduliwa mwaka 2008. Msanii huko huona ni mara ngapi amesikilizwa na katika miji gani, lakini hapewi anwani ya hata msikilizaji mmoja. Na tangu 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote pale. Linganisheni hizo elfu mbili. Elfu ya Kelly ni watu wenye majina. Elfu ya pili ni hesabu ya mashine, na chini yake mtu anakuwa sifuri. Bandcamp, iliyoanza mwaka 2008, bado inampa msanii barua pepe za wanunuzi, lakini nayo iliuzwa mwaka 2022 na ikauzwa tena 2023, na wafanyakazi karibu nusu wakaachwa.

Simwambii mtu aondoke kwenye mitandao. Ni pazuri pa kukutana na watu. Ila tumekuwa tukidhani wale wafuasi ni daftari letu, kumbe ni daftari la mwenye nyumba.

Kwa hivyo sikumtengenezea binamu yangu programu ya simu. Nilimtengenezea fomu ya mistari mitatu: jina, barua pepe au nambari ya simu, na mtaa. Msimbo wa QR wa fomu hiyo unakaa mezani pake. Juu yake tumeandika wazi atatumia majina hayo kwa nini, na kwamba anayetaka kufutwa atafutwa, kwa sababu tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data na hata bila sheria ni adabu. Kila Jumapili tunanakili orodha kwenye kompyuta yake na kwenye flashi. Kando ya QR nimeweka daftari la kawaida la shule, kwa wale ambao simu zao zimeisha chaji.

Ijumaa ya kwanza walijiandikisha watu 17, kumi na mmoja kati yao kwa kalamu. Shoo iliyofuata aliwatumia ujumbe, na tisa wakaja. Aliwaita kwa majina. Ukilinganisha na elfu kumi na moja ni kidogo sana, hata yeye alisema hivyo. Lakini usiku huo hakunipigia simu akilia.

Kama unamjua mwimbaji anayezunguka na gitaa lake, muulize kesho: ukurasa wako ukifungwa usiku wa leo, unaweza kuwafikia wangapi? Kisha mnunulie daftari.

Tuonane wiki ijayo.