Siku za Ugonjwa na Ujira wa Mfanyakazi katika Pwani Yetu



Yafaa tukumbuke jinsi siku ya mgonjwa ilivyohesabiwa katika mashamba ya Malindi na Kilifi. Hadi utumwa ulipofutwa katika ukanda wa pwani mwaka 1907, wengi waliolima mashamba hayo hawakuwa na ujira wowote, seuze ujira wa ugonjwa.

Utumwa ulipokwisha, sheria iliendelea kumwelemea mtumishi. Kwa Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, kukosa kazini bila ruhusa kulikuwa kosa la kushtakiwa. Si ajabu basi kwamba mwaka 1913, serikali ilipotaka vijana wa Kigiriama kwa kazi za mashamba, Mekatilili wa Menza aliwahimiza watu wakatae.

Baadaye ikaenea kazi ya tikiti. Mtu alitimiza siku 30 za kazi ndipo apewe mshahara wake. Siku aliyolala na homa haikutiwa alama.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, imeleta nafuu. Kwa kifungu cha 30, aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo akiugua hupata siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sharti alete cheti cha daktari aliyehitimu, tena amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo.

Je, kibarua naye? Wengi hudhani hana lake. Lakini kwa kifungu cha 37, kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimetimia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Naye akiendelea hadi miezi 2 au zaidi, hustahili masharti ya ajira kama wenzake.

Shida ni ushahidi. Anayelipwa mkononi kila jioni, katika mkonge, chumvi au hoteli, atazithibitishaje siku zake? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twawasihi wazee na wanachama wawahimize vijana waandike kila tarehe waliyofanya kazi na jina la msimamizi, na wahifadhi vyeti vyao vya daktari. Zamani hesabu ya siku ilikuwa mikononi mwa mwajiri peke yake; sasa na sisi tuwe na yetu.