Junkers Ju 287: Ndege ya mabomu iliyoundwa kwa vipande

Junkers Ju 287 ni ndege ya majaribio ya kudondosha mabomu iliyoundwa Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Iliendeshwa kwa injini za jeti na mabawa yake yalielekea mbele. Haikuundwa kwa wingi wala kutumika vitani.

Kikosi cha wahandisi kiliongozwa na Hans Wocke. Ndege ya kasi ilihitaji mabawa yaliyolala, lakini yanayoelekea nyuma yana dosari. Mwendo unapopungua, ncha zake ndizo hutangulia kukosa hewa ya kuziinua, na rubani huweza kushindwa kuimudu ndege. Yakielekea mbele, ncha hudumu kuinuliwa.

Kwa kuwa kilichotakiwa kwanza ni kuyapima mabawa hayo katika mwendo wa chini, na muda ulikuwa adimu, ndege ya kwanza iliungwa kwa vipande. Kiwiliwili kilitoka kwa Heinkel He 177, mkia ukatumia sehemu za Ju 388, na magurudumu makuu yakatoka kwa Ju 352. Magurudumu ya mbele yalitolewa kwa ndege za Marekani aina ya B-24 zilizoanguka. Injini zilikuwa 4, mbili kando ya pua na mbili chini ya mabawa.

Rubani Siegfried Holzbaur aliirusha mara ya kwanza mnamo Agosti 8, 1944, kutoka Brandis, karibu na Leipzig. Iliruka mara 17. Hata hivyo, tatizo kubwa lilidhihirika: kasi ilipozidi, hewa ilizipinda ncha za mabawa, na kadiri zilivyopinda ndivyo hewa ilivyozidi kuzisukuma. Bawa la metali lisingestahimili hali hiyo bila kuongezwa uzito mwingi.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeelemewa, na viwanda vikaamriwa vitangulize ndege za kujihami. Vita vilipokwisha, mradi uliangukia mikononi mwa Usovieti. Wahandisi walihamishiwa huko mwaka 1946, na ndege iliyotokana nao, EF 131, ikaruka mwaka 1947 kabla ya kuachwa.

Wocke hakulitupa wazo lake. Mwaka 1964 iliruka HFB 320 Hansa Jet, ndege ndogo ya abiria yenye mabawa ya namna hiyo, ziliundwa 47. Mwaka 1984 Marekani ilirusha X-29, ambayo mabawa yake yaliimarishwa kwa nyuzi za kaboni ili yasijipinde. Dawa ya tatizo lililoonekana Brandis ilikuwa imechukua miaka 40 kupatikana.