Ubao wa Mtiki na Bei Yake: Imetoka Wapi?

Leo pamba tuiache kidogo, tuzungumze habari za mbao.

Umeuza, umelipwa, na mwaka huu umeamua kuimaliza nyumba. Matofali yapo, bati lipo, sasa unatafuta mlango. Unakwenda kwa fundi seremala pale Bariadi mjini, unamkuta kati ya maranda anapiga randa ubao wa paina. Unamwambia, "Fundi, mimi nataka mlango wa mtiki." Fundi anaweka randa chini. Anakutazama, halafu anakuuliza kama ni hela ya pamba peke yake au umeuza na ng'ombe. Usikasirike. Ubao huo akiuagiza analipa yeye kwanza, na wewe ukighairi, mtaji wake unabaki umeegemea ukutani.

Wengi husema ghali hiyo ni ya usafiri. Ni kweli, kutoka Morogoro au Tanga mpaka kwetu Simiyu si karibu, na lori halitembei kwa maji. Lakini hata mti ukiwa bado umesimama shambani bei yake ni kubwa. Kwa hiyo sababu lazima tuitafute nyuma zaidi ya lori.

Mti huu kwa Kiswahili cha vitabuni huitwa msaji. Sisi wengi tunasema mtiki, basi tuendelee na mtiki. Kwao ni India, Burma, Thailand na Laos. Watu wetu wa Pwani waliujua ubao wake kabla ya kuuona mti wenyewe, maana mbao zilitoka Malabari, kusini magharibi mwa India, zikaja na majahazi ya kaskazi. Wajenzi wa vyombo walizitaka, na mafundi wa milango ya nakshi kule Zanzibar walizitaka. Waarabu, ambao kwao miti mikubwa ni haba, walijenga majahazi kwa mtiki wa Malabari karne nyingi.

Walichokipenda ni moyo wa mti. Moyo wa mtiki una mafuta yake, kwa hiyo mchwa hauli, na maji hayauozeshi upesi. Ukikauka vizuri haupindi ovyo. Msumari wa chuma ukiupigilia humo hauliwi na kutu haraka. Waingereza walipoona hivyo nao wakaingia, kwa sababu mialoni ya kwao ya kujengea meli ilikuwa inapungua. Meli yao moja ya vita, Trincomalee, ilijengwa Bombay mwaka 1817 kwa mtiki. Ndugu mkulima, meli hiyo mpaka leo inaelea majini katika mji wa Hartlepool, Uingereza. Zaidi ya miaka 200! Mlango wa paina usiotiwa dawa, kwa mchwa wa kwetu, wewe mwenyewe unajua unakaa muda gani.

Basi wakakata, wakakata, mpaka misitu ya Malabari ikaonyesha mgongo. Miaka ya 1840 mtawala wa Kiingereza wa huko, Conolly, akaamuru mtiki uanze kupandwa mahali paitwapo Nilambur. Amri ilikuwa yake, lakini kazi ya kupanda ilisimamiwa na Mhindi, Chathu Menon. Shamba lile huhesabiwa kuwa ndilo la kwanza la mtiki duniani, na sehemu yake ingali imesimama. Hapo ndipo ubao ulipoacha kuwa zawadi ya msitu ukawa zao kama mazao mengine, ila zao ambalo aliyepanda huenda asilione likivunwa.

Hapa kwetu mtiki uliletwa na Wajerumani. Mwaka 1898 mbegu zilitoka Calcutta, zikapandwa Dar es Salaam na Mhoro, Rufiji. Baadaye Serikali ikawa na mashamba makubwa, hasa Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Mwaka 1992 ikaanza kampuni ya mtiki katika bonde la Kilombero.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Hekta moja ya mtiki hupandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600. Kila baada ya miaka kadhaa unapunguza, ili inayobaki inenepe. Mwishoni hubaki miti kama 300 tu. Muda wake? Katika mashamba ya Serikali ni miaka 30 hivi. Wewe pamba unaisubiri miezi sita na bado unalalamika, tena una haki. Huyu anasubiri miaka 30, analipa walinzi, anachimba njia za moto, anasali moto wa kiangazi usiruke. Gharama zote hizo zimo ndani ya mlango wako.

Na kuna jambo lingine. Thailand ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake ya asili mwaka 1989. Burma, ambayo sasa ni Myanmar, ilizuia magogo yasitoke nje kuanzia Aprili 2014. Lakini watu wa India hawakuacha kupenda mtiki. Wakageukia mashamba ya Afrika, na mtiki wa Tanzania kwa sehemu kubwa huenda kwao. Wakala wa Huduma za Misitu huuza mtiki wake kwa mnada, na mnada hauulizi nani anakaa karibu. Fundi wa Bariadi anashindana na tajiri wa India kwa mti mmoja bila hata kuonana naye usoni.

Utasema, haya, mtiki tuwaachie wao, sisi tutumie miti yetu. Miti ipi? Hapa nasi tuna historia yetu. Miaka ya 1920, mbung'o walipokuwa wanamaliza ng'ombe, Mwingereza Swynnerton akishirikiana na watemi kama Makwaia wa Busiha waliwatoa watu kwa maelfu kufyeka pori la Usukuma. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na hilo silibezi hata kidogo. Kisha pamba ikatanua mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, na watu wakazidi kusogea katika ardhi mpya, pamoja na huku Maswa, ambayo wakati huo ilibeba na Bariadi ndani yake. Vijiji vya 1974 na 1975 vikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza, sehemu nyingi zilikuwa wazi kama kiganja. Ngitili zimerudi, tena kwa wingi, lakini ngitili inakupa kuni, nguzo na malisho. Ubao wa futi kumi na mbili ni nadra kutoka humo. Ndiyo maana mninga wa fundi wako hutoka upande wa Tabora, na paina huvuka ziwa kutoka Rubya au Buhindi.

Siku hizi kuna watu wanapita wakiuza miche ya mtiki na kuahidi utajiri. Mimi nakwambia usikimbilie. Mtiki hupenda mvua ya milimita 1,200 na zaidi, na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Simiyu sehemu nyingi hazifiki milimita 1,000, na mbuga yetu nyeusi masika inakuwa tope, kiangazi inapasuka. Mti hautakufa lazima, lakini utadumaa, na miaka 30 haitatosha.

Mwarobaini unaouona uani hapo ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na ubao wake wadudu hawaupendi. Mjohoro nao una moyo mweusi mgumu, mzuri kwa fanicha. Huo usiupande katikati ya shamba, maana hunyang'anya mazao maji. Upe sehemu yake. Yote miwili inauvumilia ukame wetu. Mpogolee matawi mapema, shina linyooke, la sivyo fundi hatapata ubao bali kuni.

Na kama mlango wa mtiki bado unautaka, hela ni zako. Ila mwambie fundi akuonyeshe ubao kabla haujapigwa rangi. Angalia kichwa chake. Rangi ya kahawia yenye dhahabu ndiyo moyo. Sehemu nyeupe ya pembeni haina yale mafuta, na mchwa huila kama mti mwingine. Mtiki mchanga karibu wote ni mweupe. Ukiletewa huo kwa bei ya moyo, urudishe.